Kaka, Mfukuze Mume Wangu Kikosini

Lindi, Kibera,
Nairobi.
9 Juni 2025

Mpendwa Kaka Wangila,

Pokea salamu nyingi za dada yako Nasike, ambaye siku hizi anaitwa bibi ya Opondo na bado anageuka kutazama ni nani anayeitwa. Hujambo huko Doha? Kifua kimepona? Mama alisema alikusikia ukikohoa kwenye simu. Kunywa maji mengi ukiwa kwenye lindo, na usitudanganye kwamba unakunywa.

Sisi tu wazima. Mama yuko salama Kawangware, mguu unamruhusu kwenda kanisani na kurudi. Picha za harusi ameshamwonyesha hata muuza makaa, mara mbili.

Kaka, ndoa ni tamu. Naandika hivyo bila haya kwa sababu wewe ndiye uliyenilea baba alipotuacha. Opondo akitoka kazini namjua kwa hatua zake kabla hajafika mlangoni, na moyo unaniruka kama wa msichana wa Form Two. Mikono yake ina alama ndogo ndogo za cheche, nami nazijua zote. Asubuhi ananichotea maji kabla sijaamka. Majirani wanamwita Bwana Mtungi, naye anawajibu, "Cheka tu, bibi yako anaona." Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi ndani ya chumba kimoja cha mabati.

Ndiyo maana naandika nikilia. Ninampoteza, kaka, na hajaenda kwa mwanamke mwingine. Amekuja kwako.

Sikutuma ujumbe wa simu kwa sababu ule niliokuandikia mwezi uliopita, kwamba mume wangu anahitaji kupumzika, ulimtumia yeye mwenyewe pamoja na vikatuni vya kucheka. Aliona haya siku nzima. Rafiki yangu Nabwire, aliyekuja likizo, anarudi kazini huko Doha Alhamisi, naye atakupa barua hii mkononi. Isome peke yako.

Unajua kwamba mimi na Opondo tulikutana kwenye mchezo wa simu, mimi nikiwa Kawangware na yeye hapa Lindi. Labda sikukueleza ulikuwa mchezo wa namna gani. Ule wetu hauna kupanda sana. Ukifika levo ya ishirini umefika, na kila mtu hufika baada ya muda mfupi. Kutoka hapo unapanuka tu. Unajifunza upinde, unajifunza kuponya wenzako, kuvua samaki, kufuga farasi, kuzijua njia za milimani. Aliyeanza mwaka juzi na aliyeanza jana wanatembea pamoja, kwa sababu kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Opondo alijua upanga, mimi nilijua dawa. Akiumia namponya, nikizingirwa ananitoa. Alinitongoza kwenye daraja la mchezo ule, mvua ikinyesha ndani ya simu na nyingine ikinyesha juu ya mabati, nami nikamkubali kabla sijauona uso wake.

Tukaoana. Hukupata ruhusa ya kuja, ukatutumia zawadi yako: ukamwingiza Opondo kwenye kikosi unachokiongoza katika mchezo ule mwingine, ukampa na upanga ambao watu huutafuta mwaka mzima. Nilifurahi sana. Nilisema, kaka yangu amempokea mume wangu.

Lakini mchezo wako ni ngazi isiyo na dari. Levo moja inafungua nyingine, na kupanda kwenyewe ni kugraindi tu, kuua nguruwe wale wale katika msitu ule ule mpaka kidole kife ganzi. Nilijaribu kumfuata. Nilikuwa levo ya kumi na moja, yeye hamsini. Nikigusa jina lake ili tutembee pamoja, mchezo unaniambia tofauti yetu ni kubwa mno. Tumeketi kitanda kimoja, magoti yetu yanagusana, na mchezo unakataa tuwe pamoja.

Nikaona dawa ni kumsaidia amalize haraka. Akienda kazini aliniachia simu yake, nami nikagraindi kwa jina lake katikati ya wateja wangu wa kusuka. Mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Madam, unanisuka ama unachinja nguruwe?" Nilidhani kuna mwisho, kama vile nyumba inavyofika paa. Alipofika sitini, iliyokuwa ya mwisho, nilipika kuku. Wiki haikuisha wakatangaza kwamba sasa mchezo utafika themanini, na upanga ule wa zawadi yako utakuwa kama kijiko. Kaka, kila nguruwe niliyemuua kwa mapenzi alikuwa anamsogeza mume wangu mbali nami.

Sasa halali vizuri. Juzi alichomelea geti la mteja wa mtaa wa Satellite, akatia bawaba upande huu na upande ule, geti likawa halifunguki. Mzee Jeconia, mwenye karakana anayomwajiri pale Mashimoni, alilizunguka mara mbili akasema, "Opondo, hili ni geti ama ni ukuta? Wewe umeoa bibi ama umeoa simu?" Mafundi walicheka, Jeconia hakucheka. Amesema akisinzia tena na moto mkononi, au akikosa kazi hata siku moja, asirudi.

Nawe umeita kikosi kizima Jumamosi ya tarehe 28, levo mpya zikifunguliwa, mtu asitoke mpaka mfike juu. Jumamosi ni siku ya kazi. Opondo ameshaamua kwamba karakana ataikosa.

Nilidhani anaupenda mchezo huo kuliko mimi. Mpaka Ijumaa, nilipompelekea chakula cha mchana nikawasikia wakizungumza upande wa pili wa mabati.

"Si utoke tu kwa hiyo kikosi," Jeconia alikuwa anamwambia. "Kwani ni jeshi?"

"Mzee, mkubwa wa kikosi ni shem. Si ndiye alisimamia mahari, akiongea kwa simu? Na ng'ombe zao bado sijamaliza. Sasa akiniita nimwambie nini? Ati nimechoka?"

"Lakini unaipenda hiyo mchezo?"

"Nguruwe ni nguruwe tu, mzee. Mimi nilikuwa naskia poa ile ya kwanza, nikitembea na Nasike."

Niliacha sufuria mlangoni nikarudi bila kuonekana. Nililia njia nzima, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya furaha.

Siwezi kumwambia nilisikia, kwa kuwa ataona haya mara mbili. Naye hawezi kukukataa wewe. Mkwe hamkatai mwenye dada. Desturi hiyo unaijua kuliko mimi, na wewe ndiye uliyemfunza.

Nisamehe kwa hili nalo. Nimejiuliza kama unamwita kila siku ukidhani unatufurahisha, au kwa sababu jioni za huko ni ndefu na sauti yake inakuletea nyumbani. Kama ni hivyo, njoo kwetu. Mchezo wetu haukulazimishi ukimbie kutufikia. Ukianza leo, baada ya siku chache tunatembea watatu. Nitakufundisha dawa mwenyewe.

Ninachokuomba ni hiki. Kiongozi anaweza kugusa jina la mtu akamtoa kikosini. Gusa jina la Opondo kabla ya tarehe 28. Mwambie kikosi kimejaa, mwambie lolote ambalo halina jina langu ndani yake. Ataona haya siku mbili tatu, na kumfariji ni kazi yangu, niachie. Ila usingoje aombe mwenyewe. Hataomba. Ataendelea mpaka kazi imtoke, au moto umfikie machoni.

Msalimie Kagiri mnayekaa naye chumba kimoja. Mama anakusalimu, na shangazi Immaculate pia, anayesema anataka akuone kwa macho kabla hajazeeka zaidi. Mungu aliyekuvusha bahari akulinde kwenye lindo lako, akurudishe kwetu mzima.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokulilia,

Nasike

N.B. Opondo ameingia sasa hivi akanikuta naandika. Nimemwambia nakuandikia salamu tu, naye ameketi kitandani na viatu vyake. Ameomba nimwongezee maneno yake hapa chini: "Mwambie shem asiwe na wasiwasi. Tarehe 28 mimi ndiye wa kwanza kufika." Ameyasema macho yakiwa yameshafumba.