Dirisha Linalotazama Reli

3 Machi

Mama, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu, na kwamba jirani anayekusomea hajaongeza chumvi yake. Mimi mzima.

Nimekutafutia hoteli za kupanga kwa wiki, maana wiki saba za matibabu ya macho si mchezo. Kwangu tumebanana madereva wanne chumba kimoja, hata sindano haipiti. Moja iko mlango kwa mlango na hospitali, ina lifti, tulivu. Nyingine iko stesheni, ghorofa ya pili, jiko la umeme, dirisha linatazama reli. Bei ni ileile. Hiyo ya stesheni ina kelele, na hospitali ni vituo sita na kubadilisha treni. Chukua ya kwanza, mama.

Mwanao,
Kitinda

9 Machi

Kitinda mwanangu, marahaba. Jirani anakusalimu, anasema chumvi yake imekwisha.

Nipangie ya stesheni. Uliniambia treni yako inapita hapo kila asubuhi. Hospitali ina madaktari tu, stesheni ina wewe. Nitasimama dirishani na mtandio wangu mwekundu. Usibishane nami.

Mama yako

14 Machi

Mama, shikamoo. Sawa, nimelipia. Neno la mkubwa halipingwi. Ila mwekundu usipunge, utanisimamishia treni! Chukua wa njano.

Kitinda

6 Aprili

Mwanangu, hujambo? Hapa chumbani ananiandikia mhudumu wa usafi, binti mwenye subira.

Wiki ya tatu hii na hujatia mguu. Sikulaumu, kazi ni kazi. Tena nakushukuru: kila siku saa moja asubuhi nasikia honi zako mbili fupi, napunga mtandio mpaka bega linauma. Naona ukungu tu na kitu kirefu kinapita, lakini najua ndani yuko nani. Nikishakunywa chai ndipo naanza safari ya hospitali. Zile ngazi za kubadilishia treni zimenivimbisha miguu, usijali.

Daktari anasema mtoto wa jicho atatoka, ila kuna presha ya macho pia, nayo hurithiwa. Kaniuliza kama nina mtoto, nimlete apimwe bure. Nikacheka. Nikamwambia wangu anaendesha treni, ana macho ya mwewe.

Njoo hata Jumapili. Nimenunua vikombe viwili.

Mama yako

10 Aprili

Mama, shikamoo. Pole na miguu. Zamu zimenibana, Jumapili ijayo sikosi. Nafurahi honi zinakufikia.

Kitinda

29 Aprili

Kitinda, salamu. Hii naandika kwa mkono wangu, uone mwandiko ulivyo mbaya. Bandeji zimetolewa juzi.

Jana nilisimama dirishani mapema. Treni ikaja, honi mbili. Dereva ni msichana mwenye miwani. Akanipungia mkono. Nilidhani uko likizo, nikashuka kumuuliza mkata tiketi. Akasema wewe hujaendesha tangu mwaka jana, unaosha mabehewa karakana.

Mwanangu, kuosha mabehewa ni aibu? Mimi nimefua mashuka ya watu mpaka ukamaliza shule. Kilichoniuma ni vile vikombe. Umeviacha viwili vikikungoja siku zote hizi, nami nikawa nampungia mtoto wa watu.

Kesho naondoka na basi la asubuhi; barua hii namwachia mkata tiketi akuletee karakana. Ningejua, ningekaa karibu na hospitali nipumzishe miguu.

Mama yako

2 Julai

Mama yangu, shikamoo. Naandika nikiwa na haya, na miezi miwili imepita. Siku ulipoondoka nilifika hotelini saa nne asubuhi. Mhudumu alikuwa anatandua kitanda. Vikombe alinipa vyote viwili.

Niliondolewa kwenye udereva kwa sababu nilishindwa kipimo cha macho. Taa nyekundu iliyowashwa pembeni sikuiona kabisa. Sikuthubutu kukwambia, ulivyonitangaza mtaa mzima. Kila asubuhi nilipanda treni ileile kwenda karakana, behewa la mwisho, nimejibanza nyuma ya abiria. Mtandio wako niliuona. Yule msichana ni mimi niliyemwomba akupigie honi, nikamwambia mama yangu anangoja. Alikubali kwa sharti kwamba nitakuja kukuona. Nilimdanganya hata yeye.

Barua yako ya ile presha ya macho niliisoma mara moja nikaificha. Wiki iliyopita ndipo nilipokwenda kwa daktari wako. Jicho la kushoto limekwisha, mama. Amesema ningefika Aprili, lingeokolewa. Tungekaa wote kwenye benchi moja la hospitali, bega kwa bega, na sasa naandika peke yangu. La kulia ataliwahi, kwa matibabu ya wiki tano.

Kwenye chumba cha watu wanne siwezi kuuguza jicho, nikachagua kati ya hoteli zile mbili. Nimechukua ya stesheni, chumba chako. Asubuhi hii saa moja nilisimama dirishani na kipande cha shuka la njano. Honi zikalia mbili.

Kikombe cha pili nimekiosha. Ukiweza kuja, nitakupokea kituo cha basi mimi mwenyewe.

Mwanao,
Kitinda