Jina la Mume Wangu Kwenye Fomu ya Viza

Jumatano, 24 Mei 2017

Na kosa ni langu mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Kwenye fomu ya viza nilijiandika kwa jina la Salim. Kwetu Tanga mke haachi jina la baba yake, na pasipoti yangu ina jina la baba. Lakini ndoa yetu ilikuwa na wiki mbili tu, nilitaka kuliona jina la mume wangu likikaa karibu na langu. Leo wamenikatalia. Salim wamempa.

Bosi wake wa duka la baiskeli anawapeleka wateja kuendesha kwenye vilima vya Ufaransa, na Salim ndiye fundi wao. Bosi mwenyewe alisema, "Eish, Salim, mlete na bibi harusi!" Mwezi mzima tumefanya mazoezi kwenye mwinuko wa Yeoville, mtaa wetu huku ugenini, yeye mbele, ananicheka: "Kanyaga, bibi harusi! Vijiji vya mawe vinakusubiri!" Nilishachagua hata kijiji, kile chenye ngome juu, ambako tungefika tumechoka hoi, tukale mkate...

Jioni nikamwambia, "Nenda tu, mume wangu. Nitakungoja."

Nilitaka abishe. Nilitaka aseme haendi popote bila mimi.

"Kweli, mpenzi? Hutakasirika?"

"Sikasiriki."

Akanibusu kwenye paji la uso. Mungu wangu, nampenda mno mtu huyu. Sasa yuko chumbani anapanga nguo kwenye begi, anapiga mluzi, na mimi nimejifungia bafuni asinione ninavyolia.