Mjusi Asiye na Mkia

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Watoto wamezoea shule, na mijusi ninaowachora sasa wamo kwenye fulana na vikombe, wekundu, wa kijani, wa zambarau. Watu wanawapenda ajabu. Jina langu siliweki, kama ulivyonionya.

Ila mmoja nilimchora bila mkia, kama yule wa chumbani kwa mume niliyemkimbia. Nikampaka rangi ya chungwa, nikadhani hatajulikana.

Leo asubuhi mwenye duka kaja anatabasamu: "Kuna bwana kashika kikombe chako, akacheka peke yake. Anasema mkia wa mjusi huyu aliukata yeye. Nimemwelekeza kwako."

Nimeacha rangi wazi mezani, nafunga mizigo. Usinijibu kwa anwani hii. Anayo.

Mdogo wako