Mchi Wako Sikuuosha

Mama,

Jino langu la mbele limeng'oka. Naanza na hilo ili ukisikia natamka jina lako vibaya usidhani nimelewa. Mdomo umevimba, mwanangu Akoth amelala mgongoni, lakini mkono wa kuandikia ni mzima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichosikilizana nacho, wewe Mjaluo na mimi Mkuria. Kijaluo changu, ulikuwa ukisema, kinachechemea kama mbuzi wa soko la Ogwedhi.

Pombe ya kumaliza matanga yako nimeipika. Wazee walisema mke wa mtoto wako wa kwanza, Ouma, ndiye anapika kong'o, watu wa boma wakae kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, kilio kiishe. Nilikuwa sijawahi kupika peke yangu. Nilikuwa wa kuchota maji na kupuliza moto, wewe ndiye ulikuwa na mkono.

Chungu cha kwanza nilikiua. Unga wa mahindi niliuloweka ukachachuka vizuri, nikaukaanga juu ya bati mpaka ukawa kahawia na moshi ukanitoa machozi. Wimbi niliuotesha ndani ya gunia mpaka ukatoa mikia midogo, nikauanika, nikautwanga. Halafu kwa uchovu, mtoto analia, ng'ombe amefungua kamba, nikamwaga maji ya moto juu ya kimea bila kungoja. Siku ya tatu nilipofunua, ni uji mtamu tu, umekaa kimya. Hakuna povu, hakuna sauti. Nikakumbuka sauti yako, ukiniita binti wa Wakuria: "Nyar Kuria, poza kwanza. Kimea ni kiumbe. Ukikimwagia hasira kinakufa." Na ulikuwa ukitia kiwiko kwenye maji, kama maji ya kuogeshea mtoto.

Nikamwagia nguruwe wa jirani. Nikaanza upya.

Pombe yako haikuwa na mambo mengi, Mama. Mahindi, wimbi, maji, na subira. Kali kidogo, kavu mdomoni, haina utamu. "Ikiwa bado tamu haijamaliza kazi," ulisema. Ndiyo maana hata yule mama wa kanisa la Sabato alikuwa anakuja na kopo lililofunikwa, anasema ni ya kuku wake. Ulikuwa unamwambia kuku wake wanatembea kwa kuyumba sana siku hizi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Okelo ndiye hakuipenda. Mtoto wako wa mwisho alitaka uchanganye na ile pombe kali ya chupa za plastiki inayouzwa barabarani, ipige watu kichwani haraka. Siku ile, jua la saa tisa, ulikuwa unatwanga kimea. Alikuja na kidumu chake, akafunua chungu chako. Ukamwambia, "Okelo, hicho ni chakula. Watu wananyonyesha wakiwa wamekunywa hicho." Akaanza kumimina. Ukakipindua kidumu kwa mguu.

Akakunyang'anya mchi. Mimi nilikuwa mlangoni na Akoth kifuani, bado hajashika shingo. Alikupiga mara moja begani, ukapiga magoti. Ukamwita kwa jina la utotoni, lile ulilokuwa unamwitia uji. Akapiga tena, sasa kichwani. Ule mlio naujua, ni mlio wa kibuyu kikianguka kwenye jiwe. Ukalala juu ya kimea chako na damu ikaingia kwenye wimbi.

Sikupiga kelele, Mama. Nimekuwa nikilibeba hilo zaidi ya ninavyobeba mtoto. Alikuja na panga akaliweka shingoni mwa Akoth, pale palipo laini, akasema, "Ameteleza kwenye jiwe la mlango. Sema." Nikasema. Ouma alikuwa Migori kazini, alipofika nikamwambia mamake ameteleza. Daktari akaniuliza, nikasema umeteleza. Polisi mmoja alikuja akaandika ulivyoteleza. Tulikuzika na uongo wangu.

Kitu kimoja tu nilifanya. Mchi sikuuosha. Nilimwambia Okelo nimeuchoma, nikaufunga ndani ya gunia nikauficha kwenye dari ya ghala, nyuma ya mahindi ya mbegu. Yeye akakimbilia kisiwa cha Takawiri kuvua omena. Mimi nikabaki nikilala nikiwa nimemfunika Akoth kwa mwili wote.

Sasa wazee wakamwita arudi kwa matanga. Alirudi amenenepa, ana viatu vizuri. Akaja jikoni, akaniambia kwa upole kabisa, "Shemeji, pika vizuri, mimi nitakaa karibu na chungu." Nikaelewa. Kwenu mtu aliyemwaga damu ya nyumbani hali wala hanywi na watoto wa boma mpaka aseme na asafishwe. Akitia mrija kimyakimya, chira, laana yenu inayoua, inaingia, na inaanza na mdogo kabisa. Mimi nilizaliwa kwingine, Mama, lakini mdogo kabisa ni wangu. Nikajua nitapika, na hatakunywa.

Chungu cha pili nilitia kiwiko. Nilingoja mpaka yale maji yakawa kama ngozi yangu. Siku ya pili nikaweka sikio nikasikia kinanong'ona. Siku ya nne nikaonja, utamu umekwisha wote. Nikalia, kwa sababu ilikuwa ladha ya mkono wako kabisa.

Jana mchana walikaa. Mzee Obura, baba mdogo wa Ouma, akatia mrija wa kwanza, akafumba macho. Akasema, "Hii ni ya marehemu. Nyar Kuria, umetwangia nini? Mchi wa azima hautoi kimea laini hivi." Nikamwambia ni wa azima kweli. Akashangaa, "Na wa marehemu uko wapi?" Okelo akadakia, mrija tayari mkononi, "Ulichomwa."

Nikaenda ghalani. Niliporudi nilifungua gunia mbele yao nikauweka chini, kando ya chungu. Damu imekuwa nyeusi, imeingia kwenye ufa, na nywele zako mbili nyeupe zimeshika pale. Nikasema, "Mama hakuteleza. Okelo alimpiga kwa huu. Mimi nilidanganya kwa sababu ya panga shingoni mwa mtoto. Asiweke mrija hapa."

Okelo akautupa mrija. Halafu alinijia. Ngumi ya kwanza ndiyo iliyong'oa jino. Nikaanguka kwa ubavu ili nisimlalie Akoth mgongoni, akanipiga teke tumboni, akashika nywele zangu akagonga uso wangu kwenye ukingo wa chungu. Chungu kikapasuka. Pombe yako yote ikamwagika, Mama, ikanilowesha mimi na mtoto. Ouma ndiye alimrukia. Sijawahi kumwona Ouma vile. Alimpiga ndugu yake kwa kigoda mpaka mkono wa Okelo ukageuka upande usio wake, huku anauliza kitu kimoja tu, "Mama? Mama?" kama mtu aliyepotea.

Okelo akawa chini. Mchi ulikuwa karibu na mkono wangu. Niliuokota. Nilisimama juu yake na damu inanitoka mdomoni, nikauinua, na nakuambia ukweli kwa sababu huwezi kunishtaki: nilitaka. Nilishapachagua mahali, juu ya sikio. Ouma alinitazama hakusema acha. Wazee hawakusema acha.

Akoth akaanza kulamba shingo yangu kule nyuma. Pombe ilikuwa imenitiririkia, naye anaifuata kwa ulimi. Nikaisikia sauti yako, karibu kabisa: poza kwanza.

Nikaushusha.

Walimfunga kwa kamba ya ng'ombe. Mimi nilifunga mchi kwa leso yangu nzuri, ile uliyoninunulia nilipojifungua, tukaenda na Ouma na mzee Obura mpaka kituoni. Niliandikisha upya yote. Na panga, na uongo wangu. Askari akaniambia naweza kuulizwa kwa nini nilidanganya. Nikamwambia aniulize. Mchi wamebaki nao, wameuandikia karatasi.

Ouma hajasema na mimi tangu jana. Amekaa kaburini kwako anang'oa nyasi ambazo hazipo. Sijui kama atanisamehe mwaka mzima wa kumdanganya. Asiponisamehe nitarudi kwetu na Akoth, naye atakuwa hai.

Lala sasa, Mama. Hukuteleza, na kila mtu hapa anajua. Vigae vya chungu nimevikusanya nikavipanga juu yako, vinanuka vile ulivyokuwa unanuka. Asubuhi hii, kabla ya kukuandikia, nimeloweka wimbi mwingine. Nitapika tena, wazee wanywe ile waliyoikosa, na mrija wa Okelo hautakuwepo. Na Akoth akikua nitamfundisha kutia kiwiko. Nitamwambia ni mkono wa nani.

Ni mimi, Nyar Kuria wako.