Kioo cha Upande wa Kulia

Jumatatu, 4 Agosti

Imeanguka! Nilikuwa napanda mnara, mkanda ukakatika, darubini ya marehemu baba ikashuka inagonga kila chuma mpaka chini. Nimeshuka mbio nikaiokota. Kwa nje ni mchubuko tu. Nikaiweka machoni — kushoto msitu, kulia giza na mstari mmoja wa mwanga.

Na mwezi wenyewe huu! Majani yamekauka, upepo unageuka kila saa, na kazi yangu ni moja tu: kuuona moshi kabla haujawa moto.

Nimempigia msimamizi, Bwana Kesho (jina tumempa sisi, mwenyewe hajui). Nikaomba darubini nyingine. Akasema ataangalia kesho. Ningeshangaa angesema vingine.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda mjini kwa fundi wa kamera na saa. Mtu wa maneno mengi. Kila skrubu anayofungua anaisifia: siku hizi hawatengenezi hivi, siku hizi plastiki tupu. Nikamwambia fundi, sifa baadaye, nieleze ugonjwa. Kumbe ni kioo cha ndani, kile cha pembe tatu, upande wa kulia. Kimepasuka. Kipya hakipatikani, kiwanda kiliacha kutengeneza darubini hizi zamani. Dawa ni kupata nyingine ya aina hii hii, kioo kitolewe humo.

Akauliza kama namjua mtu mwenye nyingine. Nikasema simjui.

Uongo! Iko, na najua hata kabati inamokaa. Baba alikuwa nazo mbili. Alipostaafu mnarani akanipa mimi moja, kaka moja. Kaka ambaye hatusemeshani, mwaka wa tatu huu, tangu nilipouona moshi shambani kwake wakati kuchoma ni marufuku, nikatoa taarifa redioni. Naye alikuwa mlinzi wa msitu huo huo! Wakamfukuza kazi. Mke wake bado ananiita wifi. Yeye ananiita "yule wa mnarani".

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Bwana Kesho ameleta darubini ya plastiki, ya kutazamia mpira. Asubuhi nikaona moshi bondeni, nikaita gari la zimamoto. Vumbi la ng'ombe! Wale wanaume wamenisema kwa adabu, na hiyo inauma kuliko matusi. Mchana ukatokea moshi wa kweli, nyuma ya kiwanda cha mbao. Sikuuona. Wenzetu wa mnara wa pili ndio waliouona. Umezimwa, imeungua miti michache tu, lakini pale nyuma kuna nyumba za wafanyakazi, kuna watoto.

Bwana Kesho amekuja mwenyewe, na safari hii hakusema kesho. Ikitokea tena nashuka, nakaa getini kuandika namba za malori.

Mimi, getini! Lakini si geti linalonitisha. Naogopa ule moshi nisiouona.

Jioni nimempigia wifi. Nikameza kiburi, nikasema shida yangu. Akacheka: mtaka cha uvunguni sharti ainame. Atamwambia mume wake.

Jumapili, 10 Agosti

Wifi ameileta! Imeviringishwa kwenye taulo, ndani ya mfuko wa unga. Nimemkumbatia mpaka akaomba pumzi. Nikamuuliza kaka amesema nini. Hajasema kitu. Alijifungia nayo chumbani jana kutwa, leo akamkabidhi. Machozi yamenilenga. Ndugu ni ndugu bwana, hata akivimba.

Jumatatu, 11 Agosti

Sijui nicheke au nilie.

Fundi ameifungua ya kaka, akanitazama juu ya miwani. "Mama, unanifanyia mzaha?" Upande wa kulia mtupu. Kioo hakimo! Kimetolewa kwa ustadi, skrubu zote zimerudishwa, hata mkwaruzo hakuna. Kufungua na kusafisha baba alitufundisha wote wawili. Kuzipanga picha za pande mbili, kulia na kushoto, ziwe moja ndiyo kazi inayotushinda, ndiyo maana nimekwenda kwa fundi. Lakini kutoa kioo kaka anaweza hata akiwa amefumba macho.

Amenipa kwa mkono mmoja, akaninyima kwa mwingine. Anataka niende mwenyewe nikapige magoti. Nimekasirika mpaka masikio yamewaka. Siendi!

Jumanne, 12 Agosti

Upepo kutwa. Macho yananiuma kwa ile plastiki. Kila wingu dogo naliona moshi, na kila moshi najiambia ni wingu.

Siendi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda. Naandika hapa hapa, kwenye kibaraza chake, maana nisipoandika nitapiga kelele. Mnarani leo amekaa mlinzi wa geti na ile plastiki. Upepo unazidi.

Wifi alinipokea njiani, akaninong'oneza. Kaka ana swali moja tu: siku ile, nilijua ni yeye kabla sijashika redio? "Sema hukujua, wifi, yaishe. Neno lenyewe moja tu." Nikakubali. Njia nzima nimekuwa nalikariri: sikujua, kaka, ilikuwa mbali, sikujua.

Kaka amezeeka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ngumi imefumbwa juu ya goti, na nilijua mara moja ameshika nini. Shikamoo yangu ilining'inia weee, mwisho akaiitikia. Halafu akauliza, kama wifi alivyosema.

Nikafungua mdomo niseme lile neno langu. Halikutoka. Nilimwona yeye wa siku ile: shati la mistari, tawi mkononi, anaupiga moto peke yake, anakohoa.

"Nilijua, kaka. Nilikuona mpaka vifungo vya shati. Na nikikuona tena leo, nitaita tena."

Wifi akashika kichwa.

"Nilikuwa nimebakiza kidogo niuzime," kaka akasema.

"Niliona. Lakini upepo ungegeuka."

Akaitazama ngumi yake. Kisha: "Miaka yote hii nilikuwa sijui nikukasirikie au nisikukasirikie." Akainuka, akaingia ndani. Na ngumi yake.

Wifi ameweka chai, hanitazami. Nimeharibu, najua. Neno moja tu, hata mtoto angelisema! Fundi anafunga saa kumi. Darubini mbili ziko mezani kwake zimefunguliwa matumbo, hakuna hata moja inayoona. Nilikuja kuomba, nikatoa ahadi ya kumchongea tena. Ni mimi na mdomo wangu. Lakini ningemdanganya, ningeitazamaje misitu kwa kioo hicho?

Droo imefunguliwa ndani. Imefungwa.

Anatoka. Ngumi bado haijafunguka. Amekaa kizingitini, ameinama, anavaa viatu vyake vya kwendea mjini kwa mkono mmoja —