Spika Tatu na Ndala za Mama

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa macho hakuzungusha maneno. Kilichobaki kwa Mama ni mwanga na kivuli, na hicho nacho kitaondoka. Mama akauliza kama miwani airudishe dukani. Daktari hakujua acheke au anyamaze.

Nimeamua: sebule itapata spika za sinema. Televisheni yetu inanong'ona, maneno yanazama kwenye muziki. Mwenye macho hukisia kwa midomo. Mama anabaki kuuliza: nani kasema? Nani kafa? Na huyu ni mtu aliyeuza tiketi za sinema miaka ishirini na miwili, akikaa kibandani nje. Filamu zote alizisikia kupitia ukuta.

Jioni dada yangu mkubwa kapiga simu. Anataka Mama ahamie kwake. Hapa kwetu Mama anashinda peke yake mchana kutwa. Mama kaninyang'anya simu. "Kwako nitakuwa mgeni wa kuonyeshwa choo kila siku!" Wamevutana, wakafikia mapatano. Dada atakuja Jumapili ya tarehe 16 kujionea. Akimkuta Mama anahangaika, Mama atafunga mzigo mwenyewe. Kaahidi. Mama haahidi ovyo.

Jumatano, 5 Machi
Bajeti ni mshahara mmoja. Haiongezeki.

Duka la kwanza: spika tano na sanduku la besi. "Wati elfu moja, bosi!" Nimegeuza sanduku, nikasoma kibandiko cha nyuma. Wati sitini. Muuzaji kasema hizo ni wati za nyuma. Duka la pili: spika moja ndefu ya kukaa chini ya televisheni. Si mbaya — lakini kila mtu kwenye filamu anasimama mahali pamoja.

Mpiga picha wetu wa gazetini kanielekeza kwa fundi mmoja anayeitwa Kimya, kwa kuwa karakana yake ndiyo pekee mtaani isiyopiga muziki nje. Kaniuliza swali moja: unataka besi au unataka maneno? Maneno. "Basi pesa iende kwenye spika ya katikati. Maneno hutokea hapo." Ana amplifaya iliyotumika. Nimeifungua kifuniko na kukagua. Safi.

Jumamosi, 8 Machi
Sinunui kwa masikio yangu. Nimempeleka Mama.

Duka la kwanza, muuzaji kaanza kuninong'oneza bei. Mama: "Baba, ukila na kipofu usimguse mkono." Muuzaji akapandisha sauti haraka. Kisha akafungulia besi, vioo vikatetemeka. Mama akatikisa kichwa. "Hii naijua. Ndiyo niliyosikia ukutani miaka yote ile. Mimi nataka ya ndani."

Kwa Kimya kakaa, mikono mapajani. Mume na mke wanagombana kwenye filamu. "Mwanamke yuko kushoto," kasema Mama. "Anaosha vyombo kwa hasira. Mwanamume anadanganya." Tumenunua! Amplifaya, spika ya katikati, mbili za pembeni. Besi hapana.

Kimya katuonya: sakafu ya vigae na kuta tupu zitarudisha mwangwi na kuchafua maneno. Tandika zulia nene, ning'iniza mapazia mazito. Nimethibitisha kwa mtangazaji wa redio na kwa msimamizi wa ukumbi wa sinema. Wote watatu: zulia.

Jumapili, 9 Machi
Zulia ukuta hadi ukuta. Mapazia mpaka sakafuni. Mama kafuata filamu nzima bila swali hata moja. Mwisho kafuta macho, akasingizia vumbi la zulia.

Jumanne, 11 Machi
Mama kajigonga paji la uso kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Uvimbe kama limau. Jana alilifuata dirisha akidhani ni korido. Nyumba aliyokaa miaka thelathini!

Macho yanakwenda haraka kuliko alivyosema daktari. Nimempigia, kasema haiwezekani, wiki mbili hazijaisha.

Dada sikumwambia. Naandika kwamba sikumwambia.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeomba ruhusa kazini. Nimekaa pembeni asubuhi nzima nikimtazama Mama na kuandika.

Korido: safari sita, makosa sifuri. Bafuni, chumbani, kama mtu mwenye macho. Sebuleni: safari nne, kapapasa zote nne. Korido haina zulia.

Nikamuuliza. "Ndala zangu zikipiga pa, ukuta unajibu," kasema. "Penye mlango hapajibu. Tangu ulete hilo blanketi lako, nyumba imekuwa bubu."

Mbona hukusema, Mama?

"Ulikuwa umefurahi. Na mimi nilikuwa nasikia filamu."

Nilihoji watu watatu, na aliyehusika nikamwacha. Kosa la mwanagenzi, na nina miaka ishirini na sita kazini.

Ijumaa, 14 Machi
Zulia nje. Mapazia nje. Mama kavuka sebule mara tano bila kugusa kitu. Filamu nayo imegeuka uji.

Nilikuwa tayari kuziuza spika. Mama kakataa: "Sichagui kati ya miguu na masikio. Mwite fundi wako."

Kimya kaja, kapiga makofi mara moja katikati ya chumba, kasikiliza. "Ukuta hamtaki niunyamazishe. Basi spika zimfuate mama." Kazitoa kule ukutani, kazitundika kwa vyuma darini, karibu na kiti chake. Hakuna waya sakafuni. Sauti ya chini — inamfikia yeye kabla ya kufika ukutani.

Nimempima Mama. Sentensi ishirini za filamu, azirudie. Kumi na saba. "Tatu zilizobaki," kasema, "hata waigizaji hawakuzielewa."

Tatizo moja. Filamu ikiwa inaendelea, ukuta haujibu vizuri. Lazima azime kwanza, ndipo atembee. Tumekubaliana hivyo.

Jumapili, 16 Machi
Saa nne na dakika kumi asubuhi. Filamu iko katikati. Hodi mlangoni! Dada. Kawahi nusu saa.

Mama kaniambia: "Kaa hapohapo. Usiniguse, usiseme."

Kapapasa mkono wa kiti. Rimoti haipo. Imeteleza chini ya kiti, naiona. Kapapasa tena, kaacha. Kasimama.

Hatua ya kwanza, ya pili. Kwenye filamu watu wamenyamaza, anakwenda vizuri. Ya tano — muziki umeanza, vinanda, vingi. Kasimama katikati ya vigae. Uvimbe wa paji la uso bado unaonekana.

Dada tena: "Hodi! Hamjambo humo? Mama yuko wapi?"

"Nipo!" kajibu Mama. "Unagonga kama mdai! Subiri, nakufungulia mwenyewe."

Kapiga ndala sakafuni. Pa. Hakuna kitu. Kapiga tena, kwa nguvu, kichwa kakiinamisha upande. Mimi kalamu iko mkononi, daftari limebanwa magotini, nami sinyanyuki. Vinanda vinapanda. Kapiga ya tatu.

Kageuza uso kulia kidogo. Mlango uko kulia. Zimebaki hatua nne. Kainua mguu, kaushusha upande wa mlango.