Kokoto Nyuma ya Shingo Yangu

Jumatano, baada ya alasiri. Jua la leo linachoma mpaka ndani ya viatu, na mie nalipenda hivyohivyo. Siku nne nimetazama dari la hospitali. Leo nimelitazama jua lenyewe, tena kwa kuinua shingo mwenyewe.

Sijavunjika! Naandika tena: sijavunjika.

Mkono wangu mzito, kusoma nilisoma ngumbaro ukubwani, lakini habari hii siwezi kulala nayo.

Jumamosi nilipanda paa langu hapa Buguruni kupigilia mabati. Ijumaa hii namwozesha Zuhura, binti yangu wa mwisho, na sikutaka wakwe waje wakute makuti. Siku hizi mabati yamejaa madukani, unachagua kama nyanya. Mke wangu akasema, "Baba Zuhura, msubiri fundi." Mie nisubiri fundi? Mie niliyebeba magunia kwa kichwa miaka thelathini?

Nikapanda. Nikateleza. Nikaangukia kisogo.

Hospitali wakanipiga picha ya eksirei. Daktari kijana, mpole, akaiinua kwenye mwanga, akaona kipande cha mfupa kimekaa peke yake nyuma ya shingo. Akasema kimemeguka, shingo imevunjika, nisithubutu kugeuka. Wakaniwekea mifuko ya mchanga pande zote mbili za kichwa. Nikasikia habari za kutobolewa fuvu na kutundikiwa uzito wa kuivuta shingo, wiki sita kitandani.

Hapa nitasema kweli, maana daftari hili halina mdomo. Nililia. Kila mara nilikuwa nachezesha vidole vya miguu chini ya shuka kuona kama bado ni vyangu.

Na Jumatatu, mdogo wangu Hamisi alipotoka Tandika kuja kunitazama, nikampa uwakili. Yaani yeye ndiye akae mbele ya shehe, ashikane mkono na bwana harusi, amwozeshe mwanangu. Hamisi! Muuza manukato ambaye maisha yake yote namcheka kwa mikono laini. Akaniinamia sikioni, akasema, "Kaka, sitakuaibisha." Chozi lake likanidondokea shavuni, nami sina ruhusa ya kulifuta.

Leo asubuhi akapita daktari mkubwa, mama wa makamo mwenye miwani. Akaishika ile picha muda mrefu. Wenzake wote walikuwa wameniuliza nilivyoanguka. Yeye akasema, "Shikamoo mzee. Kazi yako ilikuwa ipi?"

"Marahaba. Hamali. Gunia zima la mchele kichwani, na mdomo unaimba."

Akamwita yule kijana. "Njoo utazame. Mfupa uliovunjika juzi una makali kama kigae. Hiki kimeviringika kama kokoto ya ufukweni. Kimeota humo miaka."

Akanieleza kwamba nyuma ya shingo kuna kano, utepe mgumu unaoshikilia kichwa, na mtu akishakula chumvi nyingi, labda na mizigo ya kichwani ikichangia, unaweza kuota kipande kigumu kama mfupa ndani yake, wala usijue. Lakini hakuishia kwenye maneno. Akaamuru picha nyingine mbili, nainamisha shingo kidogokidogo, mkono wake kisogoni kwangu. Pingili zote nzima, zimejipanga. Ni misuli tu imeshtuka.

Mwenzenu nina mfupa wa ziada!

Nikamwambia yule kijana, "Usihuzunike mwanangu. Ulikuwa hujawahi kuona shingo ya mwanamume." Nesi akadakia, "Na lile paa nalo lilikuwa halijaiona, mzee?" Wodi nzima ikaangua kicheko. Nikacheka na mie, ingawa shingo iliuma.

Wamenipa kola ya kushikilia shingo, niivae wiki nzima. Nitaivaa. Leo na kesho.

Maana Ijumaa mkono utakaoshikana na wa bwana harusi ni huu wangu. Hilo halina mjadala.

Ila nimefika nyumbani nakuta salamu za shemeji yangu, mke wa Hamisi: kanzu ya Hamisi imeshapigwa pasi, na tangu jana anasimama mbele ya kioo kujifunza maneno ya kuozesha, asije akakosea hata moja. Mke wangu anasema tumtume mtu akamwambie uwakili umekwisha. Nimekataa. Mtu aliyenililia shavuni hapelekewi habari ya namna hiyo kwa salamu.

Kukipambazuka nakwenda Tandika mwenyewe. Maisha yetu yote sijamwomba Hamisi kitu ila hicho kimoja, na hicho hicho ndicho ninachokwenda kumpokonya.

Nikishakaa kibarazani kwake, nianze na lipi: ahsante, au nirudishie?